Injini Iliyokufa kwa Kiu

Oili ya injini ikitumika sana huwa nyeusi, na weusi huo haumtishi fundi. Kinachomtisha ni rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo niliyoiona siku nilipochomoa stiki ya oili kwenye Land Rover ya marehemu mjomba, chini ya mkorosho uliokuwa umelifunika gari kwa majani makavu hadi usawa wa vioo. Nilipangusa stiki kwa kipande cha kanga kuukuu, nikairudisha, nikaichomoa tena. Chai ya maziwa. Ndani ya injini maji na oili hupita kila kimoja kwenye njia yake, na havitakiwi kukutana hata kwa tone. Humu vilikuwa vimekutana.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, nyumbani kwetu Chilangala, wilaya ya Newala. Gari nilipewa katika kikao cha ukoo baada ya arobaini ya mjomba, kwa sababu mama yangu ndiye dada yake mkubwa, na kwetu Wamakonde mtoto wa dada hasahauliki mali ya mjomba inapozungumzwa. Ndugu waliona wananipa chuma chakavu. Lakini mimi nililipanda gari lile nikiwa na miaka sita, nimekaa juu ya gunia la korosho, na sikuwa tayari kuona likikatwa vipande na kupimwa kwa kilo.

Injini ilinoki msimu wa korosho wa 2018, ule ambao serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba mzigo. Mjomba alikuwa akisomba magunia kutoka mashamba ya bondeni kwenda ghala la chama cha msingi. Gari lilipopanda mlima, mshale wa joto ulipanda nao. Alikuwa na dumu la maji la lita ishirini, ila alikuwa amepakia pia kina mama na watoto, na ilikuwa saa nane ya mchana. Watu walikunywa, na dumu likaisha kabla ya mlima. Alipopata maji huko juu aliyamimina kwenye rejeta injini ikiwa bado inatokota. Alituambia aliusikia mlio kama wa bati linapogongwa na jiwe, kisha injini ikazima, na hata alipoisukuma kwa hendeli haikukubali kuzunguka.

Asiyeishi juu ya uwanda huu huenda asielewe kwa nini dereva mwenye akili zake aliishiwa maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga. Mvua ikinyesha maji huzama papo hapo, na juu huku hakuna mto. Bibi zetu walikuwa wakiteremka makorongo na kupanda na mitungi kichwani, kazi ya kutwa nzima. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, na hadi leo masikio yetu yako Mitema, kule Kitangari, kusikia kama pampu zinafanya kazi. Ndiyo maana nyumba nyingi zina kisima cha saruji kilichochimbwa uani, kinachopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati. Gari linaloomba lita kumi za maji safi huku kwetu linaomba kitu ambacho mtu hukitoa kwa kufikiri.

Na injini haiwezi kuishi bila maji hayo. Petroli inapowaka ndani ya silinda, ni kama robo tu ya nguvu yake inayofika kwenye matairi. Inayobaki ni joto, na sehemu kubwa ya joto hilo hubebwa na maji yanayozunguka kuta za silinda na kwenda kupozwa kwenye rejeta. Maji yakikosekana, kila chuma hutanuka kwa kadiri yake. Pistoni ni ya aluminiamu, silinda ni ya chuma cha kuyeyusha, na aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Pistoni hunenepa ndani ya shimo lisilonenepa kiasi hicho, hukwaruza kuta, na mwisho hushika. Ukimwaga maji baridi wakati huo, unakiambia chuma kilichotanuka kisinyae ghafla upande mmoja. Hapo ndipo hedi hupinda au hupasuka. Injini ikichemka, izime, ikae nusu saa au zaidi, hata kama abiria wanakusema.

Watu walinishauri mambo mawili. Wengine walisema niagize injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Wengine walisema nitie injini ya dizeli ya Toyota na nisahau mambo ya Kiingereza. Nilikwenda kwa fundi mmoja mzee anayetengenezea chini ya mwembe, mtu ambaye vijana wake wengi walianza kushika spana kwenye mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho, kabla hawajafika kwenye pikipiki na magari. Alinisikiliza, akazunguka gari mara moja, akasema, “Mwalimu, usinunue kitu. Kwanza tujue kimeiua nini. Ukitia nyingine bila kujua, nayo itakufa.”

Nilimwamini kwa sababu hakutaja bei.

Ufundi wake una ukoo wake. Alifundishwa na mzee aliyekuwa kijana wa kuosha vipuri Nachingwea enzi za mradi wa karanga, ule ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947, wakaleta matrekta na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuelekea bara. Mradi ulianguka mwaka 1951 na reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Wanaouandika mradi ule huhesabu pauni zilizopotea, na hesabu hiyo ni ya haki, maana zilikuwa milioni 36 hivi. Lakini mitambo ile ilikuwa inaharibika kila siku, na kila ilipoharibika kijana wa huku alishika spana akatazama ndani. Sijaona mahali walipohesabiwa vijana hao.

Tulianza likizo ya Juni. Jambo la kwanza alilonionesha Fundi ni namba iliyogongwa ubavuni mwa bloku. Haikufanana na ya kwenye kadi ya gari. Kumbe injini yenyewe ilikuwa ya mtumba. Mjomba aliinunua zamani, na historia yake ya kabla ya hapo hakuna aliyeijua. Ilikuwa ileile aina ya lita mbili na robo ambayo Land Rover walianza kuitengeneza mwaka 1958, miaka kumi baada ya gari lao la kwanza kuoneshwa Amsterdam. Ni injini isiyo na majivuno: silinda nne, valvu nane, kabureta moja, na kila nati inafikika kwa mkono.

Kufungua injini ni kazi ya karani kuliko ya mtu mwenye nguvu. Pushirodi nane tulizichomeka kwenye boksi la sabuni lililotobolewa matundu, kila tundu na namba yake, kwa sababu kila moja imezoeana na mwenzake na haipaswi kuhamishwa. Valvu zilikwenda kwenye trei ya mayai. Mimi nilichora kila kitu kwenye daftari la mistari mikubwa. Kijana mmoja wa Fundi alitaka kutia boliti zote kwenye ndoo moja, akaambiwa, “Njomba, hiyo si mihogo.”

Hedi ilipotoka tuliona kidonda cha kwanza. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Nililaza rula yangu ya chuma juu ya uso wa hedi na Fundi akajaribu kupitisha fila geji chini yake. Katikati ilipita bila shida. Hedi ilikuwa imepinda. Kisha akaniomba chaki. Alipaka mafuta ya taa juu ya hedi na juu ya bloku, akaacha yanywewe, akapangusa hadi pakakauka, akasugua chaki nyeupe kila mahali. Kama pangekuwa na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yangejitokeza na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Tulisubiri tukinywa uji. Hapakuwa na mstari. Chaki nimeishika miaka kumi na tisa, na sijawahi kuitazama kwa hofu kama asubuhi ile.

Pistoni zilikuwa na mikwaruzo mirefu, na juu yake zimegongwa 020. Hapo inabidi nieleze lugha ya mafundi. Silinda ikichakaa huwa si duara tena. Huliwa zaidi juu kuliko chini. Huwezi kuongeza chuma, kwa hiyo unaikereza iwe kubwa kidogo na kuwa duara upya, kisha unaitia pistoni kubwa zaidi. Saizi huhesabiwa kwa sehemu za elfu za inchi: kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Arobaini, ambayo ni kama milimita moja, ndiyo ya mwisho kwa injini hii. Baada ya hapo ni kutia slivu, yaani kuingiza bomba jipya la chuma ndani ya shimo, kazi ya gharama. Injini yetu ilikuwa imeshakula ishirini, na kwa mikwaruzo ile thelathini isingetosha. Tulikuwa tumebakiwa na nafasi moja.

Sasa nije kwenye kilichoniumiza. Ubavuni mwa bloku kuna vizibo vya chuma vya duara, vinavyofunika matundu yaliyobaki kiwandani wakati wa kuyeyusha bloku. Fundi alivigonga vikatoka, akaingiza waya uliopindwa nyuma ya silinda ya nne, akaanza kuvuta. Lilitoka tope jekundu la kutu lililoshikana na magamba ya chokaa. Alivuta tena. Tulijaza mabakuli mawili ya kunawia mikono. Nyuma ya silinda ya nne, ambako maji yalipaswa kuzunguka, palikuwa pamejaa kabisa. Rejeta nayo, tulipoifungua juu na kumimina maji, sehemu ya kati haikupitisha kitu.

Kumbe dumu la lita ishirini lisingemwokoa mjomba. Miaka mingi aliamini yeye ndiye aliyeiua injini, kwa kuwapa watu maji. Alilisema hilo hata akiwa mgonjwa. Injini ilikuwa inakufa tangu zamani, kwa maji ya kila kisima na kila dimbwi yaliyotiwa humo, na fundi aliyeibadilishia gasketi kabla ya hapo, zaidi ya mara moja, hakuwahi kuchungulia nyuma ya vizibo. Niliondoka nikaenda kukaa barazani. Fundi aliniacha, akaendelea kuvuta tope kimya kimya hadi magharibi.

Vifaa tulivinunua kwa minada. Huku kwetu mkulima hupeleka korosho ghalani, hupewa stakabadhi, na hulipwa baada ya mnada. Basi mnada mmoja ulikuwa pistoni na ringi, uliofuata beringi na gasketi, wa tatu nauli na malipo ya karakana. Bloku, kranki na hedi zilisafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, Gerezani, ambako kuna mashine na watu wa kuziendesha. Kosa la msimu huo lilikuwa langu. Nilinunua beringi za kranki bila kubeba namba ya injini, nikafika nyumbani na jozi tano. Injini ya lita mbili na robo ilitengenezwa kwa kranki ya vikalio vitatu hadi mwaka 1980, ndipo ikaja ya vitano. Yetu ni ya vitatu. Muuzaji hakukubali kuzirudisha, na fedha ile ilikuwa ya gunia zima.

Jambo lingine nililojifunza kwa mkerezaji: pistoni zinunuliwe kwanza, silinda zikerezwe baadaye. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ahadi tu. Mkerezaji mzuri hupima pistoni yenyewe mkononi kwa maikromita, kisha hukereza shimo lilingane nayo, akiacha upenyo mwembamba kama unywele kwa ajili ya oili na kutanuka. Kwa kranki hesabu inageuka: silinda hukua, kranki hupungua. Vikalio vyake vilivyokwaruzwa husagwa viwe vyembamba, na beringi zinazowekwa huwa nene zaidi kuziba pengo.

Kabla ya kuilipia kranki kazi hiyo, Fundi alikuwa ameijaribu nyumbani kwa njia yake. Aliining'iniza kwa kamba kwenye tawi, akaigonga kwa nyundo ndogo. Kranki nzima hulia sauti ndefu; yenye ufa hutoa sauti fupi iliyozibwa. Yetu ililia kama rimu ya lori tunayoigonga shuleni kuwaita wanafunzi, na watoto wawili wa jirani walikuja mbio.

Bloku iliporudi niliwapa Kidato cha Pili swali: silinda nne, kila moja ina kipenyo cha milimita 90.47 na pistoni inasafiri milimita 88.9, tafuta ujazo wote. Walipata sentimita za ujazo 2,286, namba ileile iliyoko kwenye vitabu vya Land Rover. Kisha nikawaambia tumeongeza kipenyo kwa sehemu arobaini za elfu za inchi. Msichana mmoja wa nyuma aliinua mkono wa kwanza: karibu 2,338. Wakati wa mapumziko nusu ya darasa walifuatana nami hadi chini ya mwembe kuingiza vidole ndani ya silinda.

Kuiunganisha injini kulitushinda mara mbili kwa sababu ya upepo. Mchanga wetu ni mwepesi, na punje moja kati ya beringi na kranki hufanya kazi ya msasa. Hata huo ulaji wa silinda, Fundi alisema, ulianza na chujio la hewa lililokaa bila oili. Chujio la gari hili ni bakuli la oili linalonasa vumbi, na likikauka injini huvuta uwanda mzima wa Makonde. Mwishowe tulihamia sebuleni kwangu. Nilipiga deki, nikatandika shuka safi, tukafanya kazi usiku upepo ukiwa umelala.

Kila kifuniko cha beringi kilipokazwa, kranki ilizungushwa kwa mkono. Hiyo ndiyo sheria iliyotuokoa, maana baada ya kifuniko cha pili ikawa nzito. Tulifungua: uzi mmoja wa kitambaa ulikuwa umelala nyuma ya beringi. Uzi! Ringi kila moja tuliitumbukiza peke yake ndani ya silinda na kupima mwanya wa ncha zake kabla ya kuivalisha pistoni. Pistoni zilishuka zikiwa zimebanwa kwa mkanda wa bati lililokatwa kwenye kopo la maziwa ya unga, zikigongwa polepole kwa mpini wa mpingo, kwa kuwa chuma kingeziumiza. Hedi, iliyosawazishwa Dar es Salaam, ilikazwa kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu tatu, hadi toki renchi tuliyoazima Masasi iliposoma futi-paundi 65.

Valvu zinarekebishwa kwa hesabu ya tisa, na hapa Fundi alinifurahisha kwa sababu aliijua bila kujua kuwa ni hesabu. Valvu ya kwanza ikiwa imesukumwa chini kabisa, unarekebisha ya nane. Ya tatu ikiwa chini, unarekebisha ya sita. Siku zote namba mbili zikijumlishwa zinatoa tisa. Pengo ni robo ya milimita. Nyaya za plagi hufuata moja, tatu, nne, mbili, na vijana wa Fundi huisema kama watoto wanavyosema jedwali la kuzidisha.

Maji ya kwanza hatukuyachukua bombani wala kisimani kwa jirani. Mama alifungua kisima chake cha mvua, akateka mwenyewe, akachuja kwa kitambaa. Maji ya mvua hayana chokaa. Tulichanganya na dawa ya kuzuia kutu, tukatia kwenye rejeta iliyofunguliwa na kuzibuliwa bomba moja moja. Plagi tukaziacha nje, tukaizungusha injini kwa hendeli hadi mshale wa oili ulipoinuka. Ndipo plagi zikarudi, na Fundi akaniambia niketi kwenye usukani, maana gari ni langu.

Iliwaka mara ya nne. Ilitoa moshi wa oili ya kuunganishia, ikatetemeka, ikatulia. Mama alisimama mlangoni na ndoo mkononi. Fundi hakusema kitu. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini wake sikioni, akasikiliza silinda moja baada ya nyingine kama daktari. Kesho yake, injini ikiwa ya baridi, tulikaza tena hedi, na boliti tatu za katikati zilikubali kidogo. Kilomita mia tano za mwanzo nilikwenda bila mzigo, nikamwaga oili, nikaitazama kwenye jua ndani ya chupa ya plastiki. Ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

Mlima nimeshaupanda mara nyingi, msimu uliopita nikiwa na magunia kumi, na mshale wa joto hukaa katikati. Dumu la lita ishirini bado linakaa nyuma ya kiti. Kuna tatizo moja limebaki: nyuma ya kranki oili inapenya, na Fundi anasema kuifungua tena kwa matone hayo ni kuionea injini. Kwa hiyo kila usiku natandika kipande cha boksi chini, na asubuhi, kabla ya kwenda shule, nainama kuyahesabu na kuyaandika kwenye lile daftari. Leo yalikuwa manne.